Ving'amuzi vya televisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo fundi dishi huulizwa akiwa bado yuko juu ya paa, pamoja na mengine ya watu wanaotaka kujua kifaa hiki kilitoka wapi na kwa nini kimegeuka lazima katika kila sebule. Ukiita king'amuzi, kisimbuzi au dikoda, tunazungumzia kitu kilekile.

King'amuzi kinafanya kazi gani hasa?

Kinafanya kazi mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kupokea mawimbi ya dijitali yaliyobanwa na kuyageuza kuwa picha na sauti ambazo TV inazielewa. Ya pili ni kukagua kama umelipa. Katika kazi ya kwanza kifaa hiki ni mtumishi wako. Katika ya pili ni mlinzi wa geti aliyeajiriwa na kampuni, ingawa umekinunua wewe, kimekaa kwako na kinakula umeme wako.

Kila tatizo likitokea, jiulize kwanza ni la kazi ipi. Picha ikiganda, ikivunjika vipande au skrini ikisema hakuna mawimbi, hapo shida iko kwenye kupokea: waya, antena, dishi, LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi). Lakini ukiona jina la chaneli, namba yake na hata ratiba ya vipindi, halafu picha haipo, mawimbi yanafika vizuri na shida ni malipo. Fundi anayetaka kukubadilishia LNB katika hali hiyo anakula hela yako bure.

Zamani antena ya uani ilitosha. Kwa nini tulilazimishwa kununua kisanduku?

Kwa sababu ya masafa. Chaneli moja ya masafa ya UHF ina upana wa megahezi 8. Katika analogia nafasi hiyo yote ilibeba kituo kimoja tu. Kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali wa matangazo ya ardhini, picha zikibanwa kwa njia ya MPEG-4, nafasi hiyohiyo hubeba vituo 15 hadi 20 vya picha ya kawaida. Masafa yanayobaki serikali huyagawa upya, hasa kwa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti. Kwa hiyo intaneti ya kasi unayotumia kwenye simu leo, sehemu yake inapita palipokuwa na televisheni.

Nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana kuhusu hili mjini Geneva mwaka 2006, chini ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa siku ambayo mitambo ya analogia ingekoma kulindwa dhidi ya muingiliano. Tanzania haikusubiri. Mitambo ya analogia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu mwaka 2013. Nchi ambayo Bara yake haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka 1994 ikawa mbele ya majirani zake wote.

Zanzibar ni habari nyingine. Wao walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara serikali bado inaihesabu kuwa anasa.

Chenga zilikwenda wapi?

Wenye TV za kichogo mnazikumbuka: mawimbi yakiwa dhaifu picha inajaa chenga, lakini mpira unaendelea kuuona na sauti unaisikia. Mtu anatumwa nje kuzungusha mlingoti huku ndani wanapiga kelele "hapo hapo, usiguse!"

Dijitali haina hali hiyo ya katikati. King'amuzi kina uwezo wa kusahihisha makosa yaliyotokea njiani, na mradi makosa hayajazidi kiwango, picha inatoka safi kabisa. Yakizidi kidogo tu, picha inavunjika miraba, kisha inapotea. Ndiyo maana jirani yako anaona vizuri na wewe huoni kitu, ilhali antena zenu zimeachana hatua chache. Fungua menyu, tafuta ukurasa wa mawimbi, utakuta mistari miwili: nguvu na ubora. Wengi hutazama nguvu. Tazama ubora. Nguvu inaweza kusoma asilimia 80 na ubora sifuri, na mara nyingi maana yake dishi halijakamata setilaiti inayotakiwa.

Je, ving'amuzi vilianza na dijitali?

Hapana. Marekani katika miaka ya 1950 watu walinunua visanduku vya kuweka juu ya TV ili wapate vituo vya UHF, kwa kuwa TV nyingi zilitengenezwa kwa masafa ya chini zaidi, VHF, pekee. Sheria ya mwaka 1962 ikawalazimisha watengenezaji waweke uwezo huo ndani ya kila TV, na visanduku vile vikafa. Baadaye kampuni za kebo zikaleta vyao, kwa sababu chaneli za kebo zilizidi namba zilizokuwapo kwenye kitufe cha TV. Vyote hivyo vilikuwa vya kazi ya kwanza tu, kupokea.

Kufuli lilikuja na televisheni ya kulipia. Ufaransa, Canal+ ilianza Novemba 1984 ikirusha kupitia antena za kawaida, picha ikiwa imevurugwa makusudi. Bila kisanduku chao ulisikia makelele na kuona mistari iliyohamahama. Kampuni hiyo hiyo, kwa njia, mwaka 2025 ndiyo iliyoichukua MultiChoice, wenye DStv na GOtv.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Marekani. Mpaka katikati ya miaka ya 1980, mtu wa shamba mwenye dishi kubwa aliweza kunasa bure matangazo ya HBO, chaneli ya filamu ya kulipia, kwa sababu yalirushwa wazi kwenye setilaiti kwenda kwa kampuni za kebo. Januari 1986 HBO wakafunga mawimbi kwa mfumo wa VideoCipher II. Kisanduku cha kufungulia kiliuzwa dola 395, na juu yake dola 12.95 kila mwezi. Biashara ya madishi ikaporomoka. John MacDougall, muuza madishi wa Ocala, Florida, alikuwa pia akifanya kazi ya muda kwenye kituo cha kurushia mawimbi kwenda setilaiti. Usiku wa kuamkia 27 Aprili 1986 alielekeza mtambo wa kazini kwenye setilaiti ya HBO na kuifunika filamu iliyokuwa ikiendelea. Kwa dakika nne na nusu hivi, watazamaji wa mashariki ya Marekani waliona ujumbe wake aliotia saini Captain Midnight, akilalamikia ile bei ya dola 12.95. Alikamatwa, akatozwa faini ya dola 5,000. Kufuli halikuondolewa, na ugomvi wa nani anashika ufunguo haujaisha hadi leo, ndani ya Afrika Mashariki vilevile.

Kenya kulitokea nini mwaka 2015?

Ugomvi huohuo, ila safari hii wagomvi ni vituo vyenyewe. Leseni za kusambaza mawimbi ya dijitali zilikuwa zimekwenda kwa Signet, iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, na kwa PANG ya Wachina. Kampuni za Nation, Standard na Royal Media zilidai nazo zipewe haki ya kujisambazia, na zikalalamika kuwa ving'amuzi vya kulipia vinabeba vituo vyao bila ridhaa. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu. Februari 2015 mitambo ya analogia ilipozimwa, NTV, KTN, Citizen na QTV zilitoweka hewani karibu wiki tatu, kwa sababu zilikataa kupitia visanduku vya wengine na vya kwao vilikuwa bado.

Mkenya aliyekuwa na king'amuzi kizima, kilicholipiwa, alitazama skrini tupu kwenye chaneli alizozipenda kuliko zote. Tekinolojia haikuwa na kosa lolote hapo.

Wapo pia waliopata hasara ya mapema zaidi. Kenya ilizindua dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. Aliyekimbilia kununua kisanduku cha kwanza alibaki nacho kama pambo.

TV yangu mpya ni ya dijitali. Bado nahitaji king'amuzi?

Inategemea ndani yake kuna nini. Nenda kwenye menyu ya kutafuta chaneli au soma kijitabu chake. Ukiona DVB-T2, TV inapokea yenyewe matangazo ya ardhini. Chomeka antena, tafuta chaneli, na zote zisizofungwa zitaingia. Ukiona DVB-S2, inaweza kuunganishwa moja kwa moja na dishi. DVB-T bila ile 2 haitakufikisha popote huku kwetu.

Chaneli zilizofungwa ni suala jingine. TV haina kadi wala ufunguo wa kampuni yoyote, kwa hiyo kisanduku utakihitaji tu. Na wauzaji wa madukani wakisema "hii ina king'amuzi ndani", waulize cha mfumo gani kabla hujatoa hela.

Nichukue cha antena au cha dishi?

Ukiwa mjini, karibu na mnara wa kurushia, cha antena ni rahisi na mvua haikisumbui sana. Ukiwa mbali au nyuma ya mlima, dishi halina mpinzani: setilaiti iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta na haijali kijiji chako kina barabara au hakina.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo mafundi wanalijua kwa mikono bila kulitamka kwa hesabu. Setilaiti ya DStv ya kwetu iko nyuzi 36 mashariki, na Dar es Salaam iko nyuzi 39. Maana yake iko karibu utosini: ukisimama Kariakoo unatakiwa kuinua macho nyuzi 81 hivi kutoka upeo wa macho. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, upande wa magharibi kwetu, na kutoka Dar inaonekana kwenye nyuzi 52 hivi. Ndiyo sababu dishi moja limelala kama linasubiri maji ya mvua na lingine limesimama kidogo. Pia ndiyo sababu mti wa jirani au ghorofa jipya linaweza kuziba dishi la Azam na lisiguse lile la DStv juu ya paa lilelile.

Mvua kubwa hukata picha kwenye madishi yote mawili, kwa kuwa masafa ya Ku yanayotumika hunyonywa na matone. Dishi likifungwa kwa usahihi ubora unabaki na akiba, na picha hukatika dakika chache tu. Likifungwa kwa kubahatisha, hata wingu zito linakukosesha taarifa ya habari.

Nimelipa kifurushi, mbona bado chaneli zimefungwa?

Hili ndilo swali linaloongoza. Unapolipa kwa simu, hela inafika kwa kampuni mara moja, lakini king'amuzi cha setilaiti hakina laini ya simu ya kuulizia. Kampuni inarusha ujumbe mfupi wa siri kupitia setilaiti yenyewe, umeandikwa namba ya kadi au kisanduku chako. Ujumbe huo unapita pamoja na wa wateja wengine wote, na kisanduku chako lazima kiwe kimewaka, kina mawimbi, ili kiudake. Ukiwa umekizima kwenye soketi ili kuokoa umeme, ujumbe umekupita.

Kwa hiyo: washa, weka kwenye chaneli ya kampuni au yoyote iliyo wazi, subiri dakika 15 hadi 30. Isipofunguka, tumia namba au programu ya kampuni kuomba ujumbe urushwe tena. Kwenye DStv kosa la E16 linahusu malipo au ruhusa. E48 ni mawimbi. Kuchomoa kadi na kuifuta kwa shati kunasaidia mara chache mno, ila kila mtu anafanya.

Naweza kuhamishia kadi yangu kwenye kisanduku kingine?

Kwa kawaida hapana. Kadi imefungamanishwa na kisanduku chake ili mtu asikodishe kadi moja kwa mtaa mzima. Kampuni inaweza kuibadilisha ukiwaita na kuthibitisha wewe ni nani. Visanduku vingi vya siku hizi havina kadi kabisa. Ufunguo umezikwa ndani ya chipu.

Kifurushi kikiisha, chaneli za bure zibaki au zikatike?

Tanzania jibu linategemea njia mawimbi yanakopita. Masharti ya leseni za wasambazaji wa ardhini yaliwataka wabebe vituo vya bure na vionekane hata mteja akiwa hajalipia. Kampuni za setilaiti zilikuwa na leseni za aina nyingine, na mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliziagiza ziondoe vituo vya ndani vya bure kwenye visimbuzi vyao kwa hoja kwamba leseni hazikuziruhusu. Watu waliamka asubuhi ITV haipo. Baadaye utaratibu ulirekebishwa na vituo vikarudi.

Mimi naona mtazamaji aliadhibiwa kwa ugomvi wa makaratasi. Kituo kinachojiita cha bure lazima mtu akipate bila kulipa, kipite juu au kipite chini.

Kwa nini nyumba nyingi zina visanduku viwili au vitatu?

Mpira. Haki za kuonyesha ligi huuzwa kwa kampuni moja, na mashabiki hufuata. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mtu wa Simba au Yanga asiye na kisimbuzi cha Azam anakwenda kibanda umiza. Anayetaka ligi za Ulaya analipa kwingine, na mama wa nyumba akitaka tamthilia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, pengine ni kisanduku cha tatu. Nyaya nyuma ya TV zinakuwa fungu la mwiba, na rimoti zinafungwa pamoja kwa mpira wa manati.

Visanduku vya Android vinavyouzwa vikiwa "vimefunguliwa" vina shida gani?

Tofautisha kisanduku halali cha kutiririsha na kile cha magendo. Roku ilitoa chake cha kwanza mwaka 2008 kwa ajili ya Netflix, Chromecast ikaja 2013 kwa dola 35, na Android TV ikafuata 2014. Hivi havina antena wala dishi. Vinapokea kupitia intaneti.

Cha magendo kinauzwa kwa ahadi ya chaneli zote duniani bila malipo. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama waligundua kwamba baadhi, kikiwamo kiitwacho T95, vilitoka kiwandani vikiwa na programu hasidi ndani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu mtandao mkubwa wa vifaa vya namna hiyo. Ukikichomeka, kinatumia intaneti yako kwa shughuli za watu usiowajua. Dalili nyingine ya kisichoidhinishwa: Netflix inakataa kufunguka, au inafunguka kwa picha hafifu hata kama sanduku limeandikwa 4K kwa herufi kubwa.

Nihamie intaneti kabisa, niachane na dishi?

Piga hesabu ya bando kwanza. Picha ya HD kamili inakula karibu GB 3 kwa saa. Mechi moja na mapumziko yake ni GB 5 hadi 6. Ukiwa na intaneti ya waya isiyo na kikomo, sawa. Kwa bando la simu, familia inayotazama saa nne kwa siku itafilisika kabla mwezi haujafika katikati. Setilaiti inagharimu kilekile, atazame mtu mmoja au watazame milioni.

Jambo la pili ni kuchelewa. Mtiririko wa intaneti huwa nyuma ya dishi kwa sekunde 20, 30, wakati mwingine zaidi, kwa sababu picha hukatwa vipande na kuhifadhiwa kidogo kabla ya kuonyeshwa. Utasikia kibanda umiza cha mtaa wa pili wakishangilia, na kwako winga bado hajapiga krosi. Kwa tamthilia haina neno. Kwa watani wa jadi ni mateso.

Kinakula umeme kiasi gani?

Kidogo, lakini hakilali. Kisanduku cha wati 10 kikiachwa kinawaka mwaka mzima kinamaliza yuniti zipatazo 88. Kubonyeza rimoti mara nyingi kunazima taa ya mbele tu. Chenye diski ya kurekodia, aina iliyoletwa sokoni mwaka 1999 na kampuni kama TiVo, hula zaidi.

Kwa wenye sola kuna habari njema: vingi hutumia adapta ya volti 12, hivyo unaweza kukiunganisha na betri bila kupitisha inveta. Soma kwanza maandishi ya kwenye adapta, na hakikisha chanya iko katikati ya pini. Kwa kuwa betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14, weka kidhibiti kidogo cha volti katikati.

Nanunua cha mtumba. Nikague nini?

Kwanza, kiwashwe mbele yako kwenye TV, si kuonyeshwa taa tu. Pili, namba ya kadi au ya kisanduku isomeke, na upige huduma kwa wateja ukiwa palepale na muuzaji kujua kimesajiliwa kwa jina la nani na kama unaweza kuhamishiwa. Visanduku vingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ni vya nchi nyingine: cha Kenya hakilipiwi vifurushi vya Tanzania, hata kama sura na rimoti ni zilezile. Tatu, jaribu tundu la HDMI na lile la nyaya za rangi, maana radi hupenda kuua moja na kuacha lingine. Muuzaji akikataa upige simu, mrudishie rimoti yake.